Mkulima wa matikiti aliyeongea kupitia ardhini

Jamani leo nataka niwahadithie mtu ambaye wengi hapa hamjapata kumsikia, na mie jina lake nililikuta usiku nikitafuta mambo ya antena, nikasoma, nikasoma tena, mpaka nikawa sina habari na ile antena. Anaitwa Nathan Stubblefield. Alizaliwa 1860 katika mji mdogo unaitwa Murray, huko magharibi ya jimbo la Kentucky, Marekani, sehemu za mashamba ya tumbaku karibu na mpaka wa Tennessee. Riziki yake ilikuwa kilimo, anapanda matikiti na matunda, na wakati wote unaobaki yuko na waya na betri.

Tarehe 1 Januari 1902 huyu mkulima alisimama kwenye uwanja wa mahakama ya Murray, watu wa mji wamejaa, akaongea kwenye mashine yake na waliokuwa sehemu nyingine za mji wakamsikia. Sauti yake yeye, si zile tiktik za telegrafu, sauti ya mtu hasa, na hakuna waya hata mmoja uliounganisha pale alipo na pale walipo. Fikirieni mwaka wenyewe. Reli iliyoanza hapa Mombasa ilikuwa ndo kwanza imefika ziwani Kisumu mwisho wa 1901, na simu yenyewe ya waya ilikuwa ni kitu cha wenye pesa na maofisi, halafu mtu wa shamba anaongea hewani, na kumbe hata hewani si hewani, ardhini.

Ndio, ardhini, na hapa nitakaa kidogo manake hapa ndo palinishika. Alikuwa anachukua kisemeo cha simu cha kawaida anakiunganisha na betri, halafu zile ncha mbili za waya, badala ya kuzipeleka mpaka kwa mwenzake, anazizika kwenye udongo, moja hapa na nyingine kule. Ukiongea, umeme unaingia ardhini kwa ncha moja unarudi kwa ya pili, lakini haufuati mstari mmoja, unatawanyika pande zote kama rangi ya bluu ukiidondosha kwenye beseni la maji, karibu nzito, mbali nyepesi. Sasa mtu akienda kule kwenye "nyepesi" na nguzo mbili za chuma akazichomeka ziachane hatua kadhaa, akaunganisha kile cha kusikilizia, kuna tofauti ndogo ya umeme baina ya nguzo moja na ya pili, na vile vipokezi vya simu za zamani vilikuwa vyepesi ajabu, umeme kidogo tu unatosha kutingisha kibati cha ndani, basi unasikia mtu anaongea. Mwezi ule ule wa Januari gazeti la St. Louis Post-Dispatch lilituma mwandishi mpaka shambani, wakatembea na zile nguzo, wanachomeka, wanasikiliza, wanang'oa, wanasogea, na kule nyumbani yuko kijana wa Stubblefield, Bernard, anaongea na kupiga kinanda cha mdomo. Mimi nikifumba macho namuona yule mwandishi na viatu vyake vya mjini kwenye shamba la watu, kaweka kipokezi sikioni, anasikia kinanda kinatoka chini ya miguu yake.

Hakuanzia hapo lakini. Tangu ujana alikuwa anasoma majarida ya sayansi na umeme, Scientific American na mengineyo, na kila alichosoma alitaka akione kwa mikono yake. Mwaka 1885 alipata patenti, yani hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi, ya kifaa cha kuwashia taa. 1888 yeye na mwenzake wakapata patenti ya simu ya waya isiyotumia umeme kabisa, ile ya waya uliokazwa ukabeba mtikisiko wa sauti, watoto wetu wanacheza nayo kwa mikebe na uzi, yeye akaitengeneza vizuri mpaka ikawa biashara, watu wa Murray wakanunua, maduka na nyumba zikaunganishwa. Kwa muda akawa ndo mtu wa simu wa mji. Kisha simu za umeme za akina Bell zikaingia na ile biashara ikafa. Mtu mwingine angerudi kwenye matikiti akanyamaza.

Yeye akaenda kutengeneza betri ya udongo. Patenti yake ni ya 1898 na fundi yeyote anayesoma hapa ataielewa mara moja: unachukua waya wa chuma ulio uchi na waya wa shaba uliovikwa uzi wa pamba, unaviringisha pamoja kwenye msumari mkubwa wa chuma, safu juu ya safu, na baina ya safu na safu unatia kitambaa, halafu unazika kwenye udongo wenye unyevu au unatumbukiza majini. Chuma na shaba na unyevu tayari ni betri. Na kwa vile umeviringisha kwenye chuma, ile ile betri ni koili vilevile, ina usumaku wake. Kitu kimoja kinafanya kazi mbili. Mie nimewahi kuona mafundi wa miaka mingi hawana fikra ya namna hiyo, wallahi, na huyu hakuwa na maabara wala mwalimu, alikuwa na ghala la shamba.

Na alikuwa msiri. Hapa ndo nataka muangalie vizuri. Hadithi za Murray zote zinakubaliana kwamba alikuwa hapendi mtu asogelee nyumba, inasemwa hata aliweka waya kuzunguka shamba ukikanyaga tu kengele inalia ndani. Majirani wanapiga simu zake, wanakula matikiti yake, lakini ndani ya lile boksi wanaoingia ni yeye na mwanawe. Watu wakimcheka, na mji mdogo ukianza kumcheka mtu haumalizi. Wakati huo huo ana haki ya kuogopa, simu zake zilishatolewa sokoni mbele ya macho yake, na mjini kila anayevaa suti anakuja na makaratasi.

Basi makaratasi yakaja. Baada ya yale maonyesho ya Januari akaitwa Washington, na tarehe 20 Machi 1902 akafanya maonyesho kwenye mto Potomac, kisemeo kiko kwenye meli inaitwa Bartholdi, nyaya zimeshushwa majini, na watu walioko pwani ya mto wanasikia maneno na muziki. Mwezi wa Mei akaonyesha Philadelphia. Pakaundwa kampuni, Wireless Telephone Company of America, yeye akatoa haki zake akapewa hisa, na hisa zikauzwa kwa wananchi. Kisha Juni wakaenda New York, na New York ikamkatalia. Ardhi ya pale ni mwamba mtupu chini, na mji umejaa umeme wa taa na matreni unaovuja kila pahali, zile nguzo zake zikawa zinaokota kelele za mji mzima. Kilichofanya kazi kwenye udongo mlaini wa Kentucky pale hakikufanya kazi.

Na kwa fundi hilo si aibu, hilo ni somo, ungerudi nyumbani ukakaa na watu watatu wanne wanaojua umeme mkaliangalia. Yeye alirudi nyumbani amekasirika, amegombana na wale wa kampuni, ameona jinsi hisa zinavyouzwa kwa ahadi zisizokuwepo, akajitoa. Na kuhusu wenye kampuni hakuota, biashara ya simu bila waya miaka ile ilikuwa imejaa ulaghai kwelikweli, Archie Frederick Collins aliyekuwa jina kubwa la simu hizo alikuja kuhukumiwa 1913 kwa kuwadanganya wanunuzi wa hisa kupitia posta. Kwa hivo Stubblefield alikuwa sawa kuwaogopa watu wale, ila alipofunga mlango aliwafungia na wema.

Lakini hapo hapo kuna jambo napenda litajwe, manake stori nyingi zinaliruka. Watu wa Murray, wale wale wa kumcheka, wachache wao walichangishana pesa wakamsaidia kupeleka ombi la patenti mpya, na ikatoka tarehe 12 Mei 1908, namba 887,357. Safari hii si nguzo za ardhini. Ameweka duara kubwa la waya juu ya milingoti, na koili nyingine kwenye chombo kinachotembea, na sauti inaruka kwa usumaku kutoka duara kubwa kwenda kwa koili. Kwenye maelezo anataja treni, meli, na magari ya barabarani. Yani mwaka 1908 huyu mzee anafikiria dereva anaongea na simu huku gari linakwenda! Njia yenyewe tunayo mpaka leo, ukiweka simu yako juu ya ile chaja isiyo na waya ni koili na koili zinapeana umeme, na vile vifaa vya masikioni vya wazee wasiosikia vizuri, vile vinavyoshika sauti kutoka waya uliozungushwa chumbani, ni jambo lile lile.

Sasa naomba nisieleweke vibaya, kuna wanaosema yeye ndiye aliyevumbua redio, huko Kentucky hasa wanalisema sana. Mie sikubaliani nao na nampenda vile vile. Redio inataka mawimbi yanayoachana na antena yakaenda zake, na ili yaachane unataka mtikisiko wa kasi kubwa sana unaobeba sauti juu yake. Yeye alipeleka sauti yenyewe, uchi, kwa kasi yake ya kawaida, ndo maana haikufika mbali na isingefika hata angeongeza betri mara kumi. Reginald Fessenden alishapeleka sauti kwa mawimbi tarehe 23 Desemba 1900 huko Cobb Island, Maryland, umbali wa kilomita moja na nusu hivi, na Marconi 1901 alishavuka bahari ya Atlantiki japo kwa herufi tu. Ukimpa Stubblefield taji lisilo lake unamdhulumu, manake watu wakigundua si kweli wanamtupa yeye pamoja na kazi yake. Kazi yake ni kubwa bila hilo taji. Ni simu ya mtu wa shamba isiyotaka nguzo za kampuni, na angekuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia "mzee, hiki kipimo cha kasi kiongeze," nani ajuae.

Sasa niwaambie kwanini nimekesha na mtu wa Kentucky aliyekufa zamani. Ni kwa sababu mie namjua. Nimelelewa naye.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi redio Majengo. Alisoma MIOME, kile chuo cha ufundi cha Waislamu hapa Mombasa, miaka yake ya mwisho mwisho, kabla haijageuka Polytechnic, ambayo sasa ndo TUM, Technical University of Mombasa, na alianza kazi wakati redio bado zina vyombo vya kioo ndani zinachukua dakika nzima kupata moto. Alikuwa akikaa kibarazani na miwani imefungwa uzi, kahawa tungu pembeni, na redio ya mtu imefunuliwa mgongo mbele yake. Wenye redio wanasubiri pale pale wanapiga soga, na mkono wake wa kushoto ulikuwa unaziba ile sakiti ili wasione anagusa wapi. Hata mimi mtoto wa kakake nilikuwa nikisogea ananiambia kanunue viazi karai.

Mnaojua Mombasa mnajua shida ya maji. Maji ya mfereji yanakuja kwa zamu, na zamu yenyewe mara nyingi ni usiku wa manane, wanawake wa mtaa wanalala na sikio moja, yakija wanakimbia na madumu, na ukipitiwa na usingizi basi kesho unanunua kwa mkokoteni kwa bei ya mwenye mkokoteni. Ami akatengeneza kengele ya maji. Kiboksi kidogo cha plastiki, ndani yake sijui nini, na waya mbili nyembamba zinaingia kwenye bomba. Maji yakifika, inalia. Sasa hicho kila fundi atakwambia ni rahisi, maji yanaunganisha waya mbili, transista inafunguka, kengele inalia, nami nimetengeneza kama hicho mara nyingi. Shida ni kwamba mabomba yetu yanapumua. Kabla ya maji kuja kuna hewa inatangulia na matone matone, na maji yakishaondoka pana unyevu unabaki, kwa hivo kengele ya kawaida inakuamsha bure mpaka unaing'oa. Yake haikuwa ikidanganyika. Ikilia, ni maji. Mpaka leo sijui aliitenganisha vipi ile hewa na maji yenyewe, na nimefikiria sana, nimefikiria muda wa kuchelewesha, nimefikiria kwamba labda zile waya alizikata urefu tofauti kwa makusudi, lakini kufikiria si kujua.

Sijui kwa sababu alikwangua namba zote. Kila transista, kila IC, amepiga msasa mpaka imekuwa nyeupe, halafu akamimina araldite, ile gundi ngumu, juu ya sakiti nzima ikaganda ikawa jiwe. Hakuna namna ya kuifungua bila kuivunja, nimejaribu kwa kisu cha moto, gundi inatoka na vyombo vyake vyote. Na alikuwa na sababu zake, zamani alitengeneza busta ya antena ya TV iliyokuwa inashika vizuri sana, akampa mtu mwenye duka mjini amuuzie, na baada ya muda akazikuta zake zinauzwa lakini si yeye aliyezitengeneza. Toka siku hiyo msasa na araldite. Alipofariki nyumba kadhaa Majengo zilikuwa na kengele zake, moja moja zikafa, wenyewe wananiletea mimi "si wewe ndo umebaki," na mie nazigeuzageuza mkononi ni jiwe tu.

Mama mmoja jirani yetu bado ameitundika yake ukutani juu ya mfereji, haifanyi kazi, hataki kuitoa.

Kwa hivo niliposoma habari za mkulima na kengele zake za kuzuia wageni niliweka simu chini kwanza. Mbali huko, lugha nyingine, dini nyingine, karne nyingine, na mkono ule ule wa kushoto umeziba sakiti.

Linganisheni na mwingine, naye ni mtoto wa shamba vile vile. Philo Farnsworth, alizaliwa 1906 Utah, familia ikahamia Rigby, jimbo la Idaho, shamba la viazi. Inasimuliwa kwamba alikuwa analima, akiangalia mistari ya jembe inavyokwenda mmoja mmoja shamba zima, akapata fikra kwamba picha inaweza kukatwa mistari namna hiyo hiyo ikapelekwa kwa elektroni mstari kwa mstari. Ana miaka kama kumi na tano hivi. Alifanya nini? Mwaka 1922 akamwendea mwalimu wake wa kemia, Justin Tolman, akajaza ubao mzima michoro na hesabu akimuelezea, na mchoro mmoja ukabaki kwa mwalimu. Mwalimu mwenyewe hakuelewa kila kitu siku hiyo, lakini alikaa akasikiliza. Tarehe 7 Januari 1927 kijana akapeleka ombi la patenti, na 7 Septemba mwaka huo huo huko San Francisco akafaulu kupeleka picha ya kwanza, mstari mmoja tu, na kazi ya kupuliza vile vyombo vya kioo ilifanywa na shemeji yake Cliff Gardner, ambaye ilibidi ajifunze kupuliza vioo hivyo kwa ajili hiyo. Mkewe Pem alikuwa humo humo maabarani.

Ilipokuja vita na RCA, kampuni kubwa kuliko zote za redio wakati ule, ambao walikuwa wanadai televisheni ni ya mhandisi wao Vladimir Zworykin, yule mwalimu wa kijijini alikwenda kutoa ushahidi. Sisemi ushahidi wake peke yake ndo ulioshinda kesi, ile patenti iliandikwa vizuri na mapema, lakini katikati ya miaka ya 1930 ofisi ya patenti ikaamua ni ya Farnsworth, na 1939 RCA wakakubali kumlipa, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo, wao walizoea kulipwa. Baadaye vita vya dunia vikasimamisha televisheni, patenti zikaisha muda kabla soko halijafunguka, akaumwa, akahangaika, maisha yake hayakuisha kwa raha hata kidogo, alifariki 1971. Wala sisemi kwamba ukionyesha watu utatajirika. Nasema watu walijua. Kazi yake ilikuwa kwenye vichwa vya watu wengine, shemeji anaijua, mke anaijua, mwalimu anaijua, kwa hivo haikuweza kufa naye.

Stubblefield alifika wapi? Baada ya 1908 hakuna aliyenunua. Redio za mawimbi zilikuwa zimeshampita. Shamba likaondoka mikononi mwake, mke na watoto wakaondoka, akabaki peke yake kwenye kibanda nje ya Murray akiendelea na majaribio yake, majirani wengine wakimpelekea chakula mara anapokea mara anakataa. Machi 1928 wakamkuta amefariki, na ilikuwa siku kadhaa zimepita. Sababu ya kifo ilikuwa njaa. Mkulima, kwenye ardhi yenye rutuba. Miaka miwili baadaye, 1930, wakamjengea mnara wa ukumbusho katika chuo cha Murray, ambacho eneo lake lilikuja kuchukua na sehemu ya shamba lake mwenyewe, na mwaka 1948 stesheni ya redio ya mji ikapewa herufi za jina lake, WNBS. Mnara wa mawe kwa mtu aliyekufa na njaa, mie hilo linaniuma na nadhani litaniuma siku zote.

Basi nisikilizeni nyinyi mafundi, na hasa nyinyi vijana wa Kisauni, Likoni, Changamwe, Mtwapa, mnaotengeneza vitu nyuma ya nyumba. Sikuambii ukaanike siri yako sokoni. Sheria ipo hapa Kenya, Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, na KIPI, ile ofisi ya serikali ya kusajili uvumbuzi, iko Nairobi, patenti inalindwa miaka 20, na kama kitu chako si uvumbuzi mkubwa sana lakini ni kifaa kipya kinachofaa kuna cheti chake kidogo kinaitwa utility model, miaka 10, masharti yake ni mepesi kuliko ya patenti. Kengele ya ami nadhani ingeingia hapo. Na ukisajili lazima ueleze maandishini kinavyofanya kazi mpaka fundi mwingine aweze kukitengeneza, hiyo ndo bei unayolipa, na mie naiona bei nzuri sana, manake hata ukifa kesho yale maelezo yapo.

Na kabla ya kufika huko, tafuta mtu wako mmoja. Shemeji, mwanao, shagirdi, mwalimu wa skuli ya pale mtaani. Msichana, mvulana, haina neno, binti wa dada yangu ndo anayenishikia taa siku hizi na yuwajua kusoma rangi za rezista kunishinda. Usimtume viazi karai. Mkalishe upande wa mkono wa kushoto aone unagusa wapi. Chora sakiti kwenye daftari la mraba, tia tarehe, tia saini yako, naye atie yake.

Mimi nimeanza kuzunguka na daftari na kamera ya simu kwa wazee mafundi waliobaki hapa mjini, Bondeni, Majengo, Mwembe Tayari, nachora walivyonavyo wakiwa bado hai kunisahihisha. Mmoja ametengeneza mashine ya kukuna nazi kwa mota ya feni, mwingine ana njia yake ya kuokoa spika zilizoliwa na chumvi ya bahari na ni njia ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote. Wengine wananifukuza, ni haki yao, narudi siku nyingine na kahawa. Kama wewe unaye mzee wa namna hiyo nyumbani, au una moja ya zile kengele za maji ambayo bado inalia, niandikie hapo chini niambie ni mtaa gani. Sitaifungua. Nataka kuisikiliza tu maji yakija, na nipime zile waya mbili zimeingia bombani kiasi gani.